Nilipoandika Kwamba Naishi Peke Yangu

Asimwe mwanangu,

Umekwenda kusukwa, na kwa mtindo ulionionyesha kwenye simu najua hutarudi kabla ya jioni. Baba yako amepeleka gari kubadilishwa oili kwa mara ya pili wiki hii, utadhani kutoka hapa Grand Prairie hadi Houston ni safari ya kuvuka jangwa. Apatimenti imebaki kimya. Nimesukuma mabegi yako pembeni, nimekaa kwenye meza ya kulia, ninaandika.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Shangazi yako wa Alief, huko Houston, atakuambia hayo mpaka uchoke, na yatakayobaki baba yako atayarudia kesho njia nzima. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo karibu miaka miwili. Nikilisema, huenda ukaacha kuniita Mama. Nimelipima hilo, na bado nalisema. Naandika kwa sababu nikikutazama usoni nitalainisha maneno, na nikiyalainisha nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Jumapili iliyopita, walipokuaga ukumbini baada ya misa kwa kuwa unakwenda chuo, ulishika kipaza sauti ukasema: "Huyu Mama aliacha nyumba kwa ajili yangu. Ilikuwa aandike kwamba mimi sipo, akakataa." Watu wakapiga makofi. Mama Evelina akapiga vigelegele mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia. Baba yako akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya keki, nikatabasamu.

Asimwe, haikuwa hivyo.

Nianze mbali kidogo, univumilie nikisema unayoyajua. Nataka uyaone kutoka upande wangu, hasa pale pasipopendeza.

Nilipokuja kwenu nilikuwa na miaka ishirini na tisa na shahada mbili, na sikujua kupika ndizi bila kuziunguza. Wewe ulikuwa na kumi na sita. Mama yako Stela alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Nyumba yenu ya Sugar Land, kando ya Houston, ambayo yeye na baba yako waliinunua pamoja, ilikuwa imeuzwa Oktoba iliyotangulia, na mlihamia huku na meza yake, sufuria zake, na mapazia yake yaliyokuwa marefu kuliko madirisha ya apatimenti. Nilipika kwenye sufuria za mama yako. Nilipokaa mezani nilijiuliza kama kiti kile ndicho alichokuwa akikalia yeye. Sikumuuliza mtu. Nilikihamishia upande wa ukutani, kesho yake nikakikuta umekirudisha.

Juni ya mwaka huo wa 2017 wazee walikutana Bukoba. Baba mdogo wa baba yako Deus alipeleka mahari kwetu, kule ikiwa mchana na huku alfajiri, sisi tukifuatilia kwa simu. Wewe ndiye uliyeishika ile simu, umevaa kofia ya kulalia, ukilalamika kwamba mkono umekufa ganzi. Mama yangu alisogeza uso mpaka tukaona pua tu, akasema, "Mahari nimepokea. Lakini kanisani msiende bila mimi." Akaomba viza, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Hivyo tukawa mume na mke mbele ya wazee, mbele ya majirani, na mbele ya watu wa kanisani walioanza kuniita Mama Asimwe siku ile ile, wakati wewe uliniita Anti Adela. Karatasi hatukuwa nayo.

Na mimi ndiye mtu wa karatasi. Unaikumbuka foleni ya baada ya misa: akina mama wa Burundi na barua zao kwenye mifuko ya plastiki, fomu za shule, za bima, za kodi, nami nimeegemea boneti ya gari na kalamu. Kuna swali lililowatatiza wote: umeolewa au hujaolewa? Niliwajibu kama mwalimu mkuu, "Andika ukweli." Siku moja Mama Evelina, ametoka zamu ya ghala na bado ana fulana yake ya kung'aa, akanitazama akacheka.

"Ukweli gani, mwalimu? Wa kanisa, wa serikali, ao wa nyumbani?"

"Ukweli ni mmoja, Mama Evelina."

"Eeh. Na weye, ule Deus ni bwana yako ao ni mpangaji wako?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa nimewahi kuulizwa kwa namna ambayo lingenigharimu kitu.

Halafu ikaja ile nyumba. Matofali mekundu, vyumba vitatu, dirisha la jikoni linalotazama uani. Niliiona nikitoka kazini, nikasimamisha gari, nikakaa ndani ya gari nikiitazama kama mtu anayechungulia maisha yake mwenyewe. Nilisoma kila kitu, unanijua. Nikagundua kuna cheti wanachopewa watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza, ambacho kila mwaka hukupunguzia kodi ya mapato kwa sehemu ya riba unayoilipa benki. Kwa mshahara wangu wa ofisi ya rekodi za hospitali na ule wa baba yako wa uuguzi, cheti kile ndicho kingetuwezesha. "Mara ya kwanza" maana yake ni kwamba kwa miaka mitatu hujamiliki nyumba uliyokuwa ukiishi. Mimi sijawahi kumiliki hata banda. Lakini kwa wanandoa hupimwa wote wawili, na mmoja akikwama wamekwama wote. Baba yako alikuwa ameuza ya Sugar Land mwaka mmoja tu uliopita.

Nilimwambia baba yako usiku, wakati wa chakula, wewe ukiwa mazoezini.

"Tusubiri," akasema. "Oktoba ya 2019 miaka mitatu inatimia, tunaomba wote."

"Miaka miwili, Deus!"

"Nyumba hazijaisha Texas."

"Ile itakuwa imeisha."

"Basi itakuja nyingine."

Nikamwambia kwamba naweza kuomba kwa jina langu peke yangu, kwa sababu ndoa yetu haina karatasi. Nilisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma kifungu. Akaacha kula, akanitazama.

"Nimeshazika mtu mmoja, Adela. Sasa unanizika mimi, na bado natafuna."

Akanawa mikono, akaenda zamu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mimi nikakihesabu kimya chake kuwa ruhusa. Ukiniuliza kosa langu lilianzia wapi, sidhani lilianzia kwenye fomu. Lilianzia pale, nilipomwona mtu ameumia nikachukua maumivu yake kuwa nafasi ya kupita.

Na kwa nini sikuweza kusubiri? Kwa muda mrefu nilijiambia ni bei, ni soko, ni akili ya mtu aliyesoma. Sasa nadhani naweza kusema. Kila kitu kwangu kilikuwa mara ya kwanza: mume, nyumba, mtoto mkubwa anayefunga mlango. Kwa baba yako kila kitu kilikuwa mara ya pili. Hata furaha yake ilikuwa na uzoefu. Nilitaka jiko ambalo mama yako hakuwahi kulipikia. Na niliposoma kwamba nyumba yake, miaka mitatu baada ya kuzikwa, bado inasimama kati yangu na nyumba yangu, nilimkasirikia marehemu ambaye hakunikosea chochote. Nilimwonea wivu, Asimwe. Mwanamke aliyeacha sufuria na mtoto.

Simu ile unaikumbuka. Tulikuwa kwenye gari, nakupeleka shule, wewe nyuma na spika zako masikioni. Njoroge, yule Mkenya wa Houston anayeshughulikia mikopo ya nyumba, alipiga, nikampokea kwenye spika ya gari. Kama angeongea Kiingereza labda ningejificha ndani ya Kiingereza. Lakini yeye ni mtu wa watu, alianza na habari za asubuhi.

"Sasa dada, tumalizane na hii fomu. Umeolewa ama?"

"Hapana."

"Nakuuliza tena juu hii ni kiapo, si story."

"Sijaolewa."

"Sawa. Na kwa hiyo nyumba mtakaa watu wangapi?"

"Mimi peke yangu."

Kwenye kioo nilikuona umetoa spika moja sikioni. Uliposhuka hukufunga mlango kwa nguvu, ukaufunga taratibu sana, kama unavyofunga mlango wa gari la mtu usiyemjua.

Jioni nilipofungua friji nikakuta umeandika majina kwa kalamu nene. Maziwa: Asimwe. Mtindi: Asimwe. Mayai sita upande mmoja wa trei, kila moja na herufi A. Rafu ya chini umeipa jina la baba yako. Nikakuuliza ni mchezo gani, ukanijibu kwa Kiingereza, kama ufanyavyo ukikasirika, kwamba wapangaji wanaoishi nyumba moja huweka alama vyakula vyao. Ukachukua sahani yako ukaenda chumbani. Wiki mbili tuliishi hivyo. Baba yako alikula vilivyo vyake, akirudisha kila kitu kwenye rafu yake. Mimi sikuhitaji kuandika jina langu popote, kwa sababu vilivyobaki vyote vilikuwa vyangu.

Ungedhani ningejirudi hapo. Sikujirudi. Nilijiambia utakua utaelewa. Nilikuwa tayari nimechagua rangi ya jiko.

Sasa sikiliza sehemu usiyoijua.

Wiki ya tatu Njoroge alinipigia kazini. Nikatoka nikasimama kwenye ngazi.

"Dada, nimeletewa karatasi zako za mshahara. Hapa naona kila mwezi unakatwa bima ya mume na mtoto."

Nikashuka ngazi mbili ili wenzangu wasinisikie.

"Mume gani, dada?"

Nilikuwa nimewaandikisha nyinyi wawili kwenye bima yangu ya kazini tangu Julai, mara tu baada ya mahari, kwa furaha kubwa, na nikasahau kabisa kwamba hiyo nayo ni karatasi. Nikaanza kumweleza habari za mahari, viza ya mama, kanisa, na nyumba ya Sugar Land. Akaniacha nimalize.

"Dada, Texas haijali hayo. Mkikubaliana ni mume na mke, mkae pamoja, mwambie watu hivyo, mmeoana. Na wewe umeambia mwajiri. Hicho cheti hampati mpaka miaka ya mzee itimie." Kisha akapunguza sauti. "Bahati yako hujaweka sahihi ya mwisho. Wewe na green card yako unacheza na kiapo? Mimi nafunga hii faili. Tusemezane mwaka wa 2019."

Yeye ndiye aliyelifunga, Asimwe. Mimi sikufuta kitu. Nilikamatwa. Nilibaki kwenye ngazi zile, na nikirudia nilichohisi kwa uaminifu wote nilionao, sikukufikiria wewe hata kidogo. Niliifikiria ile nyumba.

Usiku ule tukakaa mezani, wewe ukiwa umesimama tayari na sahani yako. Nikasema, "Lile ombi la nyumba nimelifuta."

"Kwa nini?" ukauliza. Kwa Kiswahili.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Lakini nilikuona umesimama, sahani mkononi, na uso wako ulikuwa umefunguka kidogo tu, kama mtu anayesikia hatua mlangoni. Nikasema, "Kwa sababu si sawa kuandika naishi peke yangu wakati ninyi mpo."

Ukakaa. Ukaweka sahani mezani, ukala.

Asubuhi yake maziwa yalikuwa mapya, hayana jina. Ukatoka chumbani na soksi moja ukasema, "Mama, mkate umeisha." Ukaendelea kutafuta soksi. Mimi nikaingia bafuni nikafungua bomba ili usinisikie.

Hivyo ndivyo nilivyolipata jina hilo.

Baadaye niliwaza mara nyingi kukuambia, na kila mara nilipata sababu: una mitihani, una homa, leo umefurahi. Nilijifunza kwamba mtu akikusifu kwa usilolifanya, unaanza kumwogopa. Nilikuogopa. Unakumbuka ile harusi ya Alief mwaka jana, nilipokuvuta ghafla tukacheze, mimi nisiyecheza hata nikilipwa? Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema Mama amelewa soda. Nilikuwa nimemwona Njoroge anakuja na sahani yake kwenye meza yetu, anatabasamu. Niliogopa angekusalimia akasema neno. Nyimbo tatu nilicheza, nikimtazama juu ya bega lako.

Lakini kulikuwa na mambo mengine pia, na hayo sikuyaiba. Jumapili zile kwenye uwanja wa ghala nikikufundisha kuendesha, ulipogonga pipa la taka ukashuka kuliomba radhi. Usiku uliokuja kukaa ukingoni mwa kitanda ukaniuliza kama inawezekana kuisahau sauti ya mtu, nikajua ni sauti ya nani, na kwa mara ya kwanza sikumwonea wivu. Nilikuambia uniigizie jinsi alivyokuwa akikuita. Ukaniigizia. Tangu siku ile nimezitumia sufuria zake kama vyombo vya mtu ninayemfahamu.

Siku ya fomu sikukuchagua. Huu ndio ukweli wa mwaka 2017. Wa leo ni mwingine, lakini siwezi kuutumia huu kufunika ule.

Kwa nini nakuambia sasa, wakati ningeweza kukuacha uende na hadithi nzuri? Kwa sababu uliisimulia kwa kipaza sauti, na nikaona umeijengea. Utakwenda Houston ukiwapima watu kwa kipimo ambacho mimi mwenyewe sikukifikia. Atakuja mtu akupende kweli, akukosee siku moja kwa sababu ya woga au tamaa ya jambo dogo, nawe utasema: mama yangu angeweza, kwa nini huyu ashindwe? Sitaki mtu asiye na hatia ashindanishwe na uongo wangu.

Jumatatu, tukisharudi kutoka kukupeleka, mimi na baba yako tutakwenda ofisi ya kaunti kutia saini tamko kwamba ni mume na mke tangu Juni ile. Nilimpigia bibi yako, mama yangu, kumwomba ruhusa. Akafikiri, akasema, "Serikalini nendeni. Kanisani nangoja." Oktoba miaka ya baba yako inatimia, nasi tutaomba kile cheti wote wawili kwa majina yetu. Nyumba ya matofali ina watu wengine; nimepita, wameweka bembea uani. Mahali tutakapopata, chumba chako kitakuwepo, uwe umekasirika au hujakasirika. Hicho hakitegemei barua hii.

Ukifika Houston, siku utakayoweza, panda gari uende Sugar Land uione nyumba yenu. Usiingie, simama tu nje. Nilitumia muda mwingi nikitamani isingekuwepo, na ndani yake ulifundishwa kutembea.

Baba yako nilimwambia yote haya Jumapili ile ile, tukiwa bado kwenye uwanja wa magari wa kanisa, keki ikiyeyuka mapajani. Kumbe alishajua. Si Njoroge aliyemwambia; baba yako mwenyewe aliona tu kwamba sikuwahi kuisimulia hadithi ile kwa mdomo wangu. "Mwambie au usimwambie," akasema. "Lakini usimwambie kwa simu." Kwa hiyo siifichi barua hii begini mwako uje uisome mbali. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla hatujala. Ukitaka kufunga mlango, funga. Nitakuwa upande huu. Ukitaka kunipigia kelele, piga kwa lugha yoyote.

Na kesho asubuhi, ukitaka kurudi kwenye Anti Adela, nitaitika kama nilivyoitika mwanzo. Lile jina jingine ni lako kulitoa, wala sitalitumia hapa chini.

Adela,
mke wa baba yako